Sahani ya Riziki

Riziki, sahani yako hii hapa.
Nimeisugua kwa majivu, ua lake la buluu
limebaki zima, ila pale ukingoni palipomeguka
tangu mwaka juzi. Si mimi.

Nasikia Mtemani nzima wanasema
mke wa Shaame ana kibri,
chapati za watu huwapa kuku.
Kuku, kweli. Hilo sikatai.
Jogoo wangu sasa ana shingo kama ya mwenye duka.

Lakini ungelala kwangu usiku mmoja,
ukanisikia ninavyohesabu mabati ya paa
na tumbo likisaga kama mawe yasiyo na nafaka,
ukanifuata uani saa nane, tochi ya simu mdomoni,
usingeniita mwenye kibri.

Kwanza nilishuku chumvi. Halafu samli.
Halafu nikakushuku wewe, na jicho lako,
Mungu anisamehe.
Mpaka nilipopasua gunia tupu la unga wa ngano
nipate pa kuanikia dagaa,
nikaona ubavuni herufi ndogo kama sisimizi:
umeongezwa madini ya chuma.

Chuma, Riziki. Ndani ya chapati.

Nikaacha. Siku ya tatu tumbo likanyamaza.
Nikajaribu tena, andazi, nusu andazi,
likaamka na matusi yake yote.

Daktari alicheka kidogo, kisha akaandika.
Akasema chuma hicho kinawafaa wengi,
wajawazito, watoto weupe viganja.
Sina ugomvi. Kiwafae.
Mize wangu mwenyewe damu ilimpanda
kwa uji huohuo ninaoukimbia harufu.
Naupika pua nimeifunga kwa kanga.

Na bibi yangu, kule Konde, alikuwa akichoma msumari
hata uwe mwekundu, akautumbukiza kikombeni,
shhh,
nikanywa. Wala sikuumwa.
Sijui kile kilikuwa chuma gani
na hiki ni chuma gani.

Basi usinune. Sirudishi riziki,
narudisha chapati.
Na sahani hairudi tupu, mila naijua:
humo mna shelisheli la kuchoma,
limeungua upande mmoja, Mize aliniita.
Likwangue. Ndani jeupe.

Kesho ukileta, leta muhogo.
Ukiukosa, leta sahani tupu.
Nitajua umeniamini.