Ufunguo wa Pipa

Mwezi wa saba, Lubumbashi huamka na baridi
kama kufuli la duka alfajiri.
Vumbi jekundu linaingia chumba namba kumi na saba bila hodi,
na majivu ya nyasi zilizochomwa nyuma ya uwanja
yanatua juu ya silabi yangu,
ukurasa wa kwanza: Dola ni nini?

Ni eneo, asema Profesa Kapend,
ni watu, ni mamlaka.
Kipaza sauti kimekufa tangu Pasaka.
Tuko mia sita, wengine madirishani,
tunanakili kutoka mdomo hadi mdomo,
na kule nyuma kabisa mamlaka ilifika ikiwa malaika.
Mwadi akaandika hivyohivyo:
eneo, watu, malaika.

Chumbani tuko wanane kwa vitanda vinne.
Mfereji ulikauka wiki ya pili ya Juni,
ukabaki unakohoa hewa usiku
kama mzee asiyetaka kusahaulika.
Tukachanga. Tukanunua pipa la bluu,
tukanunua na kufuli,
na mtu akasema: haya, sasa tunahitaji serikali.

Tulicheka, lakini kura tulipiga kweli,
vikaratasi ndani ya sufuria ya bukari.
Nilipata sita.
Mbili zilikwenda kwa Mwadi,
moja yake mwenyewe, hilo halina neno,
na ya pili sijui ilitoka wapi.
Nikaanza kuitafuta kwenye nyuso zao
wakati wa kula.

Katiba tuliibandika ukutani kwa dawa ya meno.
Kila mtu makopo matatu kwa siku.
Mgonjwa, manne.
Mwenye ufunguo hana ziada.
Kifungu hicho cha tatu nilikidai mimi,
nikakiandika kwa mwandiko wangu mzuri,
ule wa kuandikia barua za harusi.

Mama akapiga simu kutoka soko la Likasi.
Leo wamepita watatu, alisema,
wa kwanza na kitabu cha risiti,
wa pili na kitabu kingine,
wa tatu mikono mitupu.
Wewe unayesoma mambo ya Leta,
huyo wa tatu ni nani?
Nikamwambia, Mama, sura hiyo hatujaifikia.
Akanyamaza, nikasikia anapima unga.
Ndiyo maana inaitwa Leta, akasema.
Kila anayefika, neno lake ni hilo moja.

Usiku wa kuamkia mtihani
nywele zangu zilikuwa zimejaa vumbi la mji mzima.
Wenzangu walilala.
Nikachota kopo moja.
Kisha la pili, kwa kuwa povu lilikuwa limeshaanza,
na povu halina subira.
Kufuli halikulia.
Nilikuwa nimelipaka mafuta wiki iliyopita,
nadhani kwa ajili ya kutu.

Swali la tatu: Eleza namna ya kumdhibiti mwenye madaraka.
Niliandika kurasa nne bila kuinua kichwa.
Nilitaja bunge, mahakama, ukaguzi wa hesabu,
nikapigia mistari maneno makubwa kwa rula,
na kila nilipoinama
sabuni ilinukia.
Nilipata kumi na sita juu ya ishirini.

Kwenye foleni ya kusoma matokeo
Mwadi aliniambia, nywele zako zilipendeza siku ile.
Basi.
Aliondoka kwenda kununua karanga.
Sikujua kama ile ni sifa
au ni hoja imewekwa mezani.

Mwezi wa nane ukaja na upepo wake,
mabati yakipiga makofi usiku kucha.
Mfereji bado mkavu.
Nikasema muda wangu umekwisha, tupige kura upya.
Walinung'unika, wana mitihani ya marudio,
ya nini kusumbuana, pipa si linajaa?
Nikazungusha sufuria hata hivyo.

Saba zangu.
Moja tu ya Mwadi.
Nikaikunja upesi kabla hawajaiona,
maana mwandiko ule wanaujua,
upo ukutani,
kifungu cha tatu.