Kofia ya Majina

Alhamisi ile greda la theluji lilipita mara tatu
na bado mlango wa Aune haukufunguka wote.
Tuliingia ubavu-ubavu:
Reijo na soksi zake mbili juu ya mbili,
Marlys na sahani ya mkate wa iliki,
mimi na mikono inayonuka klorini,
kwani mashuka ya hospitali ya Thunder Bay
hayajui sikukuu.

Mwaka wa sita huu tunakitazama kipindi,
sisi wa zamu ya kufulia:
vichekesho vya duka la magodoro, idara ya marejesho,
watu wanaolipwa kusikiliza migongo ya wenzao ikilalamika.
Tunawajua kuliko binamu zetu.
Tunajua bosi Pruitt atasema "sisi ni familia"
kabla tu ya kumnyima mtu likizo,
na Delphine wa mahesabu
atakula chakula chake akiutazama ukuta.

Sasa Krismasi imewafikia nao.
Mti wa plastiki umeegemea godoro lenye doa,
kofia inazungushwa, kila mtu achomoe jina
la atakayemnunulia zawadi.
Delphine akachomoa. Akasoma.
Akaikunja karatasi, ndogo, ndogo zaidi,
akaitia mfukoni.
Tulionyeshwa sisi tu jina lenyewe:
Delphine.

Reijo alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.
Nami nilicheka, sijitoi.

Kisha akaenda dukani,
akachagua glavu, akazirudisha, akachukua za bei ya chini,
akamwomba muuzaji azifunge vizuri,
"ni za mtu wa kazini."
Na siku ya siku, mbele ya wote,
akararua karatasi, akashika mdomo:
"Jamani! Nani aliyejua saizi yangu?"
Bosi akapiga makofi.
Majina ya waigizaji yakapanda
bila muziki.

Aune aliinuka akazima birika
lililokuwa limeshazimwa.

"Huo si uchekeshaji!" Marlys akafoka.
"Huzuni naipata kazini bure, na sabuni juu.
Hapa nalipia nicheke."
Reijo akasema hawajawahi kutoa kilicho bora kuliko hiki,
lakini aliyasema hayo akizitazama soksi zake.
Tapio, mjukuu wa Aune, miaka kumi na miwili, akauliza:
"Kwa nini hakuirudisha tu karatasi?"
Tukamwangalia kama aliyeuliza bei ya mvua.
Kuna siku mtu hujikaza kisabuni,
na sisi wa sabuni tunajua
inavyokwisha: kimya, mkononi.

Ijumaa zamu nzima ilikuwa Delphine.
Wa mashine ya pili alidai waandishi wamechoka, waende shamba.
Msukuma toroli alikuwa ameirudia usiku,
peke yake, mlango kaufunga, asitake kusema zaidi.
Ghislain wa jikoni, yeye ana nadharia:
glavu alizinunua Pruitt kwa siri,
Delphine alikuta tayari kuna jozi mezani,
subirini wiki ijayo, mtaniita nabii.
Tulimwambia aendelee kukaanga.

Jumatatu ikatoka kofia yetu,
ya sufu, ya Reijo, inanuka mbwa.
Ikapita kati ya makapu.
Hakuna aliyetania.
Kila mmoja alimchungulia jirani yake,
si karatasi, uso.

Marlys akachomoa. Akasoma.
Akaanza kuikunja.
Ndogo.
Ndogo zaidi.

Mashine namba nne ilikuwa inakamua,
ikitetemesha sakafu, tukaingoja imalize.
Kisha akaiinua karatasi juu
kama aliyeshinda bahati nasibu:
"Nimejichomoa mwenyewe, wajinga nyie!
Leteni hiyo kofia!"

Hapo ndipo tulipocheka, Alhamisi nzima ikatutoka.
Aune alicheka hadi akajifuta uso kwa shuka lililokunjwa tayari,
likabidi lirudi kufuliwa.