Kila Dakika Tano

Nkwimba wa dirisha namba mbili alinipigia
kabla sijamaliza uji.
"Nyangeta, mashine imekwama tena.
Naandika jina, nahesabu hadi arobaini,
ndipo inaniletea mtu."
Nyuma yake nilisikia mtoto akikohoa,
na mama wa Nansio akisema feri ya kurudi
haina simile na mgonjwa.

Chumba cha seva kipo chini ya ngazi.
Ukuta wake mmoja ni jiwe lenyewe la mlima:
mafundi walishindwa kulivunja, wakalipaka rangi ya krimu.
Joto. Feni inakoroma.
Nikaifungua: wadudu wa ziwani,
wale wanaosimama juu ya maji kama moshi mwezi ukiandama,
wamejazana kwenye chujio, wakavu,
kama majani ya chai ya jana.
Nikawafagia kwa brashi ya rangi.
Nikajiambia, ndio hao. Nikarudi kwenye uji wangu.

Hawakuwa hao.
Saa nne Nkwimba kahesabu hadi hamsini na mbili.

Bwana Mafuru wa utawala ana dawa moja ya maradhi yote:
"Izime, uiwashe."
Mwezi uliopita tuliizima mara sita.
Huamka nyepesi, hujibu kabla hujamaliza kuuliza,
na jioni imelemewa tena,
kama mtu aliyepewa dawa ya kichwa
kwa jipu la mgongoni.
Dawa yake ya pili: "Tununue kumbukumbu nyingine."
Tulinunua, Desemba. Ikajaa.
Ukimwongezea mlafi sahani, humwongezei shibe.

Basi leo sikuizima. Niliketi nayo
kama unavyoketi na mtoto asiyejua kusema panapouma.
Umekula nini?
Kumbukumbu, asilimia tisini na nane.
Zinazozidi inazibwaga kwenye diski,
inarudi kuziokota, inazibwaga tena,
kama mwenye chumba kimoja na wageni tisa:
akitaka kulala, atoe viti nje;
akitaka kuketi, atoe kitanda.

Na nani anakuuliza?
Madirisha manne, maabara, duka la dawa,
maswali madogo ya jina, tarehe, kundi la damu,
yamepanga foleni na vyeti mkononi.
Mbele yao wote, swali moja nene:
nipe wagonjwa wote tangu siku ya kwanza,
bila faharasa, ukurasa kwa ukurasa,
laki sita na ushee,
waliopona, na tuliowazika,
uwapange kwa wilaya, unihesabie.
Linachukua dakika sita.
Linaulizwa kila dakika tano.

Nikalifuata jibu, linakwenda wapi.
Ghorofa ya pili, chumba cha mikutano,
kimefungwa tangu wafadhili waondoke.
Ufunguo anao Mama Bugumba wa usafi.
Gizani, ukutani, skrini inang'aa peke yake:
Sengerema, Magu, Misungwi, Ukerewe,
grafu za rangi zinapanda nukta moja
mbele ya viti kumi na vinne vyenye vumbi.
"Hii huwa siizimi," Mama Bugumba akasema.
"Naona kama ni ya maana."

Nikashuka kumtafuta aliyeliandika.
Juu ya swali, mstari wa kwanza, herufi ndogo:
ya muda tu, kwa wageni wa Alhamisi. N.M.
N ni mimi. M ni jina la baba.

Alhamisi ile nilipigiwa makofi, nikapewa fulana.
Ndiyo niliyovaa leo.

Nikalisimamisha.
Tisini na nane, themanini, sitini na moja,
ikatulia kwenye arobaini. Feni ikanyamaza
hata nikasikia honi kule gatini Kirumba.

Simu. "Umefanyaje? Nimeandika Mukama tu,
wamekuja akina Mukama wote!
Ilikuwa nini?"

Nikaivuta fulana begani, nikaiachia.
"Wadudu," nikamwambia.