Twende Kilioni

Saluni ya mama Ndelilio imejaa hadi barazani,
wanawake wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa,
vichwa nusunusu,
naye ananijibu kibanio kikiwa mdomoni:
"Baba Haika, labda kesho kutwa."
Kesho kutwa ni Krismasi.

Basi nimeketi mwenyewe kwenye kochi, hapa Pasua,
taa ya chaji mezani, umeme umekatika tangu jioni,
chanuo mkononi, mafuta ya nazi pajani,
na Haika katikati ya magoti yangu
kama mwizi wa kuku aliyekamatwa.
Mama yao yuko zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Ameacha maagizo nyuma ya bahasha ya dawa:
magauni yako kwa fundi, la Aikande bado vifungo,
viatu vya Ndeshi vikubwa, weka pamba,
nywele, jitahidi.

Jitahidi ameipigia mstari mara mbili.

Matuta nayajua.
Nimelima ya viazi utotoni hadi mgongo ukalia,
na yale ya barabarani nayalaani kila asubuhi.
Kumbe ya kichwani yana sheria zake:
yanyooke, yabane,
na mwenye kichwa asilie.
Haika analia.
"Baba, unavuta mpaka macho!"

Aikande hana haraka na zamu yake.
Amelala kifudifudi sakafuni, anachora Kibo
kwa kalamu nyeupe juu ya karatasi nyeupe.
"Mbona sioni kitu?"
"Upo. Kuna mawingu."
Nitabisha nini? Sisi watu wa Moshi
nusu ya mwaka tunaishi kwa imani hiyohiyo.

Ndeshi amevaa viatu vipya tangu mchana,
cha kulia kushoto, cha kushoto kulia,
kwa, kwa, kwa, anauzunguka mti wetu,
tawi lililosimikwa kwenye kopo la rangi lenye mchanga.
Theluji ya mti ilikuwa pamba.
Sasa ipo nusu, na nusu nyingine
naitoa mdomoni mwake kwa kidole.

Saa nne usiku. Mistari sita.
Haika anajitazama kwenye kioo cha simu,
ananyamaza muda mrefu kuliko nilivyotegemea.
"Baba. Hii ni twende kilioni."
"Ni nini?"
"Ndiyo jina lake. Wanasuka harakaharaka watu wakifiwa.
Mama alitusuka hivi siku ya bibi."

Siku ya bibi.
Mwezi wa tatu, mvua, kihamba kizima tope,
nami nikihesabu viti vya kukodi na sufuria za jirani.
Sikutazama kichwa cha mtu.
Kesho kutwa tutapanda Kibosho na kreti la soda,
na mchele, na jogoo aliyefungwa miguu,
na mlangoni hatakuwepo wa kuuliza
huko mjini watoto wanalishwa nini, mbona shingo hizi.
Masale tuliyopanda pale yameshika, nimeambiwa.
Sijaenda kuyaona.

"Nifumue?"
Anapapasa tuta la kwanza, la pili, la tatu,
polepole, kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.
"Acha. Si tunakwenda kwake?
Ila hili limepinda. Hili rudia."
Nimelirudia. Mara mbili.

Mama yao amerudi saa mbili asubuhi,
akatukuta kochini wote wanne,
chanuo limekwama kwenye nywele za Ndeshi
na kiatu kimoja shavuni mwangu.
Amekagua vichwa kimoja kimoja, kama anakabidhiwa wodi.
"Umejitahidi," amesema.
Akavua saa yake, akakunja mikono ya sare,
akaketi, akamvuta Haika aanze kufumua.

Haika akaruka nyuma hadi ukutani,
mikono yote miwili kichwani.