Deni la Manowari

Mbao yake ikikauka, hupasuka.
Hilo ndilo la kwanza mama alilofunzwa
asubuhi alipoajiriwa kule Ngomeni:
kilichozama miaka mia tatu
hakitolewi majini,
hubadilishiwa maji tu.

Basi manowari ya Wareno, iliyoshuka na mizinga yake
mteremkoni chini ya ukuta,
ikaja kulala vipande vipande ndani ya birika la saruji,
na Mwanakheri binti Shee, mjane wa Kibokoni,
akawa baharia wake wa mwisho.
Kopo mkononi, leso kiunoni:
kopo lao, leso yao, hata meza aliyoegemea yao,
maneno yaliyojua kuogelea
siku merikebu ilipokwenda chini.

Alizijua mbao kwa namba na kwa tabia.
Ya ishirini na mbili hutoa weusi, kama chai iliyosahauliwa.
Ya tisa, iliyotobolewa na wadudu wa bahari,
haishikwi ila kwa viganja viwili.
Ya arubaini ina kovu la shoka:
fundi alikosea, akasawazisha,
akadhani hakuna atakayeona.

Mwaka ule mifereji ilikohoa tu.
Mtungi wa mkokoteni ukapanda bei hadi aibu.
Bi Zuwena akatoa kichwa dirishani:
"Mbao za Mreno zaoga maji matamu,
nami natayamamu kama niko jangwani!"
Mama hakujibu.
Funguo zilikuwa shingoni mwake.

Nyanya alikufa Jumatano, kabla ya adhana.
Kisima cha mtaa kilikuwa magadi matupu.
Maji ya bahari yatosha, alisema shekhe, ni tohara.
"Mamangu si samaki," alisema mama,
akatoka na ndoo.

Tatu. Maji ya akiba ya meli.
Mimi nilishika taa.
Niliyaona yakimpita nyanya begani, kiwikoni,
yakikusanyika kidogo kwenye kitovu
kama yamepata pa kutia nanga.

Birika likapungua kimo cha kiganja, siku nne.
Mbao ya arubaini ikachungulia juu,
ikapata ufa, urefu wa kidole cha shahada.
Mama aliandika ufa daftarini, akaandika tarehe.
Safu ya sababu akaiacha wazi.

Sasa funguo ziko shingoni mwangu.
Wageni huuliza meli iliuawa na nini,
nami huwatajia kamba, upepo, miamba, mzingiro.
Ilikuja kuwaokoa waliofungiwa ngomeni, nasema,
haikuweza.
Wakishaondoka nakunja mkono wa buibui
nauingiza mkono hadi kwenye kiwiko,
nautafuta ule ufa kwa kidole.
Mwosha huoshwa, husema watu wetu,
lakini hawakusema ni nani aoshe meli,
wala italipwa na nani.

Nafungua mfereji.
Unakohoa.
Nangoja.