Maji ya Jumapili

Nimeiinua juu ya kreti mbili za bia,
tairi la nyuma liko hewani, halina pa kwenda.
Nalishika, nalivuta juu, nalishusha:
tk.
Sauti ndogo, kama mtu anayesonya
akitajiwa bei.

Mvua ya Ceredigion inapiga bati tangu Alhamisi.
Idwal ameingia bila hodi, fimbo mkononi.
Nyonga yake mpya ya chuma ina miezi minne
na habari zake ni nyingi kuliko za mjukuu.
Ameketi juu ya gunia la chakula cha kondoo,
ameshika tochi, anamulika kila kitu
isipokuwa ninapofanya kazi.

Bolti ya kwanza imetoka kwa kubembelezwa.
Ya pili, kwa mafuta mepesi na subira ya vikombe viwili vya chai.
Ya tatu, ile ndefu inayopita kwenye swingamu,
kwa matusi ya Kiwelshi
ambayo mama alidhani sikuyasikia.

"Nyundo," anasema Idwal.
Si nyundo, namwambia.
"Nyundo kubwa, basi."

Kiungo: kwa daktari ni goti, kwa mpishi ni bizari.
Kwangu leo ni kipande cha alumini kisichozidi kiganja,
ambacho kilima kizima hupitia
kabla hakijafika mgongoni mwangu.
Nasukuma bushi kwa kidole gumba. Imegoma.
Nang'oa sili:
pa grisi pana uji wa kutu.
Sindano za beringi zilipaswa kulala bega kwa bega,
ishirini na tisa, ziking'aa.
Nazihesabu kwenye kifuniko cha haradali:
kumi na saba nzima,
kadhaa zimeliwa katikati,
zilizobaki ni vumbi jekundu na jina tu.

Mto haufanyi hivi.
Mto naujua, huacha mchanga.
Haya ni maji safi, maji ya kusukumwa,
yaliyopenya chini ya mdomo wa sili
kila wiki, bila kukosa.

Na najua ya nani.
Jumapili zote za baridi,
nilipolala mchana baada ya zamu ya usiku hospitalini,
niliisikia ndotoni mashine yake ya kuoshea ua
ikinguruma upande wa pili wa ukuta.
Nikiamka, naikuta pikipiki mlangoni
imetakata kama sahani ya wageni.
Hakusema kitu. Nami nilishukuru kwa mayai.

"Umeona nini?" Tochi inanipiga machoni.
Mto, nasema.
Nimevuka Hesgin mara nyingi mno.
Na kifuniko cha haradali nakisukuma
nyuma ya kopo la rangi.

Beringi mpya zimelala usiku kucha kwenye friza
kati ya njegere na paja la kondoo,
zisinyae kidogo, zikubali.
Tundu lake nalipasha moto kwa kikaushia nywele cha Mererid
(asijue).
Bolti ndefu, washa mbili, soketi ya kupokea,
robo mzunguko, napumua, robo mzunguko.
Inaingia kimya. Idwal anaitazama nyundo kwa huruma.
Grisi nene ya buluu, naipaka kwa kidole
hadi itokeze pembeni.
"Mimi hawakunipaka," anasema, akipapasa nyonga.

Nakaza hadi spana ya kipimo iseme basi.
Nashika tairi, navuta juu.
Nangoja ile tk.
Mvua tu.

Jumapili iliyofuata niliamka saa tisa,
nikakosa ngurumo.
Dirishani: Idwal, ndoo, sponji,
ameinama upande, kwa ile nyonga,
anasugua chini ya kiti taratibu
kama anayemwosha mtoto aliyesinzia.
"Mashine imekufa!" akapaza sauti, bila kugeuka.

Jumatatu alfajiri, nikirudi kutoka zamu,
niliisikia nyuma ya ukuta
ikinguruma vizuri kabisa,
ikiosha ua.

Nimempelekea mayai sita.
Kwa kawaida huwa manne.