Vijiti Visisimame

Nilifika Kakunodate saa kumi na moja jioni,
theluji ikanipokea kabla ya mtu.
Nilidhani theluji huanguka. Ile haikuanguka,
ilikuwa ikitafuta pa kukaa
kama mgeni asiyetaka kusumbua.

Bi Hatsue alisimama mlangoni, kitambaa kichwani,
akanitazama viatu kabla ya uso.
Ndara za kwanza: za ukumbini.
Kwenye mikeka: vua, ingia na soksi.
Ndara za pili: za msalani, na humo zisitoke.
Siku ile ile nikatoka nazo
hadi mezani, mbele ya wageni wawili wa Osaka.
Wakainamia supu zao
kwa huruma kubwa.

"Ruru-san," akaniita. Lulu ilimshinda ulimi.
Shuleni tulikuwa na mwalimu wa hivyo,
tukimcheka hadi mbavu zikauma.
Sasa naitwa Ruru mara kumi kwa siku
na kila mara naitika upesi.

Chakula. Mama, kwenye simu nilikudanganya,
si kila kitu kitamu.
Natto ilinishinda. Maharage yana utelezi
kuzidi mlenda, na harufu ya soksi zilizosahauliwa.
Nilimeza punje tatu, nikaomba maji.
Lakini kuna figili wanazitundika juu ya moto wa kuni,
kisha wanazizika kwenye pumba za mchele
hadi baridi izikomaze.
Nilitafuna kipande, moshi ukanipanda puani,
nikanyamaza ghafla.
Bi Hatsue akadhani jino linaniuma.

Na tambi! Wewe uliyenichapa vidole
kwa kufyonza chai kwa sauti,
ungewasikia hawa: fyuu, fyuu, chumba kizima,
wazee wenye tai, mwenye duka la dawa,
mimi peke yangu nala kimya kama mwizi.
Mpishi, Bwana Nagasawa, akatoka jikoni
kuuliza kwa mikono kama tambi zina kasoro.
Nikafyonza. Mchuzi ukanirukia kwenye miwani.
Akarudi zake, ameridhika.

Usiku wa tatu ndio nitakao kukueleza.
Nimeshiba, wali bado umo bakulini,
nikachomeka vijiti katikati yake, wima,
ili mikono iwe huru nikuandikie.
Bi Hatsue hakusema neno.
Alinyoosha mkono akavichomoa
taratibu, kama atoaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
akavilaza juu ya kigae.
Kisha akaniashiria nimfuate.

Chumba cha nyuma. Kabati jeusi, milango wazi.
Picha ya mwanamume mwenye kofia ya shirika la reli.
Chungwa moja. Na udi, ndiyo, udi,
ila mwembamba kama sindano.
Akaonyesha picha.
Akasimamisha vidole viwili juu ya kiganja,
wima, kama vijiti vyangu.
Akapapasa mkeka pale alipolazwa
usiku ule wa kwanza, wali kichwani pake.

Nilitafuta neno kwenye kitabu changu cha maneno.
Kulikuwa na *bei gani*, na *kituo kiko wapi*,
kulikuwa na *nina mzio wa karanga*.
Nikasema, "Pole."
Hivyo hivyo, kwa lugha yetu, nikimshika kiwiko.
Akalirudia polepole, akilionja:
"Pore."
Akazima taa.

Asubuhi, nikibeba begi nje,
kizingiti cha juu kilinigonga paji la uso.
Milango yao haikunitarajia.
Nyota zikaniwaka, machozi yakanilenga,
na kutoka jikoni, kabla sijajua nilie au nicheke,
sauti yake ikaja na mvuke wa wali:
"Pore, Ruru-san.
Pore."